Kukuza Leya Bila Kupunguza Urefu

Jumamosi, 8 Machi

Muhonja ameniambia niandike. Anasema mteja anayekuza nywele bila kuandika hujidanganya: akiona haziongezeki hukasirika, hushika mkasi, na kazi yote huishia hapo. Basi naandika. Mimi ni Namalwa, mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno hapa Kakamega mjini, na nywele zangu zina ngazi tatu.

Ngazi hizo niliziomba kwa mdomo wangu Desemba, kwa ajili ya harusi ya mwenzangu wa kazini. Muhonja, msusi wangu wa siku zote, alikuwa amekwenda kwao Krismasi, nikaingia saluni nyingine na kumwonyesha kijana wa hapo picha ya mwanamke kwenye simu. Akanikata leya. Za juu ziliishia masikioni, za kati mabegani, za chini akaziacha zilipokuwa, kwenye mkanda wa sidiria. Kwa wiki mbili nilipendeza, sikatai. Kisha nikaosha kichwa. Za juu zikasimama kama uyoga, za chini zikaning'inia nyembamba kama mkia wa panya.

Leo Muhonja amenizungusha kwenye kiti, akavuta ngazi moja moja, akanuna.

"Njia ni mbili," akasema. "Tukate zote zifike hapa," akanigusa sikio, "uanze upya na kichwa safi. Ama uvumilie. Hizi za chini tutakuwa tunaguza ncha tu, kidogo sana, na za juu zinakuja polepole mpaka zikutane."

"Zitakutana lini?"

"Mwaka kesho. Ama mwaka ule mwingine. Na usinipigie simu ukilia."

Nimechagua kuvumilia. Shule ya msingi tulinyolewa, sekondari tukanyolewa. Hizi ndizo nywele zangu za kwanza kufika mgongoni, na ndicho kitu pekee nilichowahi kuanza nisikiache njiani. Leya zitajaa, na urefu sitaupoteza.

Jumapili, 9 Machi

Nimeosha. Nimepaka mafuta ya nazi. Kanisani nilivaa kilemba.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda nyumbani Khwisero. Baba nilimkuta kwenye mashine yake ya kusaga mahindi, mweupe wa unga hadi kwenye kope. Alizima mashine ili anisalimie vizuri, ingawa wateja walikuwa kwenye foleni, kisha akanizunguka akikagua kichwa changu.

"Namalwa, hizi nywele zinaotanga aje? Ni kama mahindi imepandwa na watoto. Huku refu, huku fupi."

"Ni mtindo, baba."

"Mtindo ya wapi? Wewe ng'oa upande upya."

Bramwel, ndugu yangu, alicheka hadi akamwaga unga wa mteja. Huyo ndiye Bramwel: kucheka kwanza, kazi baadaye. Ameshinda kwenye mashine ya baba tangu amalize shule, na sijamwona akibeba gunia bila kutazama kwanza kama kuna mwingine wa kulibeba. Yeye ndiye atakayerithi mashine. Hilo halinisumbui. Linanisumbua kidogo.

Niseme jambo hili mara moja nisije nikalirudia. Baba ni Mzee Phanuel Were. Alimuoa mama nikiwa na miaka minne, mama akiwa ametoka Lugari akinishika mkono. Aliyenizaa anaitwa Lusweti. Yu hai, analima mahindi kulekule Lugari, na nimemwona mara mbili maishani. Ninamwita kwa jina lake kama ninavyowaita wagonjwa kwenye foleni. Bramwel na mdogo wetu Shantel ndio wa damu ya Mzee Were. Mimi ndiye mkubwa wao wote, ila jina langu ni la Kibukusu na nimelelewa katikati ya Wakisa, watu wa Khwisero, kwa hiyo kila mgeni akilisikia huuliza nimetokea wapi. Baba hajawahi kuniita kitu kingine isipokuwa mtoto wake.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imeanza. Saa tisa kamili, kama mtu wa ofisi.

Jumamosi, 22 Machi

Imenyesha wiki nzima na nimelowa karibu kila jioni. Nywele zimefura, za juu zimejikunja, dawa ya kuzilainisha imesahaulika. Nilimwendea Muhonja anisuke matuta angalau nisiziguse kwa muda. Alisuka akilalamika, maana nywele za leya hazikubali kusukwa: ukifika katikati ya tuta, zile fupi zinachomoka na kusimama kando kama miiba. Alizipaka jeli, akazilaza, na kabla sijavuka barabara zilikuwa zimesimama tena.

"Zikusumbue," alisema. "Zikikusumbua ni kwamba zinakua."

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Meno. Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo tumegombana. Nilifumua matuta, Muhonja akachukua mkasi kuguza ncha za chini, nami nikamshika mkono. Akaniuliza kama nataka nywele au nataka kamba za zamani zilizoning'inia. Ncha zilizopasuka, anasema, zikiachwa hupasuka kuelekea juu, na mwishowe utapoteza zaidi ya ulichokuwa ukikilinda. Nikamwachilia. Alichokata kilikuwa kama vumbi la msumeno, lakini nilikitazama pale sakafuni kwa huzuni kubwa isiyo na maana.

Shantel amepiga simu jioni. Baba miguu imevimba na amefunga mashine mapema.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikwenda nyumbani, barabara mbovu. Nimepiga simu. Bramwel anasema baba yuko sawa. Bramwel kila kitu kwake kiko sawa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Hayuko sawa. Alikuwa ameketi uani, miguu juu ya kigoda, akipumua kama aliyetoka kupanda mlima. Hakuzungumzia nywele zangu kabla sijamwuliza mwenyewe anazionaje. "Inajaribu," akasema.

Senge Loice, dada yake mkubwa, alikuwapo. Huyu ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo: nani aketi wapi, nani akatiwe nyama gani, nani azikwe upande upi wa nyumba. Wakati wa kula obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, aliwapa Bramwel na Shantel sahani zao kwa mkono wake, kisha akamwambia mama, "Sellah, mtoto wako naye mpatie." Kila kitu kilikuwa mezani. Angeweza kunipa mwenyewe. Nina miaka thelathini na mmoja na bado jambo la sahani linaniuma.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua ya mawe. Sauti kwenye mabati ilikuwa kubwa hadi daktari akaacha kung'oa jino.

Jumamosi, 3 Mei

Baba amelazwa hapa mjini tangu Jumanne. Moyo umechoka, ndivyo daktari alivyosema, na hakusema mengi zaidi. Naenda saa ya kuwaona wagonjwa, mchana na jioni.

Nimemkuta Bramwel akimwosha. Alikuwa amekunja shati, ameweka beseni kitandani, anamwosha mguu mmoja kisha mwingine, anakausha kati ya vidole, anampaka mafuta. Alikuwa anamwambia habari za mashine, nani alileta mahindi mabichi akataka yasagwe, nani aligombana na nani. Manesi wanasema hajatoka hapo tangu siku ya kwanza. Hulala kwenye benchi la nje. Nilidhani ni Shantel anayekaa naye. Sikuwa nimeuliza.

Baba alinipungia mkono nisogee. "Shamba imefika wapi?" akauliza.

Nikafungua kilemba, nikainama. Akashika nywele za juu kati ya vidole viwili, kama anavyoshika unga kuona kama umesagika.

"Hii imefika kidevu," akasema. "Sitasema ng'oa tena."

Jumatano, 7 Mei

Sijaosha nywele. Sina nafasi.

Jumatano, 14 Mei

Baba amekufa leo asubuhi. Bramwel alikuwa naye. Mimi nilikuwa kazini nikimwandikia mtu tarehe ya kurudi.

Jumamosi, 17 Mei

Mazishi ni wiki ijayo. Nyumbani kumejaa watu, turubai, sufuria za kuazima. Nimerudi mjini siku moja kuomba ruhusa kazini na kuchukua nguo.

Kuna jambo ninaloliwaza na sijamwambia mtu wa nyumbani. Jumatatu baada ya mazishi ni siku ya kunyolewa. Watoto wa marehemu hukaa kwenye kigoda, mkubwa kwanza, na Senge Loice hunyoa. Kwetu hatunyolewi kidogo. Babu alipokufa Senge aliacha vichwa vinang'aa, wanawake kwa wanaume. Baba amelala mochari, na mimi nimekaa kitandani nimeshika ncha za nywele zangu. Nampenda baba na nazipenda nywele zangu, na sioni kwa nini nidanganye katika daftari langu mwenyewe.

Nimekwenda kwa Muhonja. Hakunicheka.

"Siku hizi watu wa kanisa hukata kidogo tu," alisema. "Kishungi kimoja hapa kisogoni, basi, imehesabiwa."

Kisogoni! Urefu wangu wote uko kisogoni. Senge akikata hapo atakuwa amechukua kile tu nilichokuwa nakilinda na kuniachia uyoga. Tumezungumza hadi mvua ikakatika. Tumekubaliana nimwombe Senge kwa heshima akate utosini, kwenye ngazi ya juu, ambayo hata hivyo inaanza upya. Nimeyapanga maneno. "Senge, naomba unikate hapa juu, na roho yangu yote iko hapo." Nimeyasema mbele ya kioo nikaona yanafaa.

Jumamosi, 24 Mei

Tumemzika. Mvua ilituachia hadi alipofunikwa, kisha ikamwagika. Katika historia ya marehemu mchungaji alisoma: "Ameacha mjane, Sellah, na watoto, Bramwel na Shantel, na pia Namalwa." Sijui nani aliandika "na pia". Nililia kwa ajili ya baba, na katikati ya kilio nikawa nalilia hilo neno dogo, kisha nikarudi kwa baba.

Jumatatu, 26 Mei

Nitaandika yote.

Tuliamshwa mapema. Kulikuwa na ukungu na nyasi zimelowa. Nyuma ya nyumba, karibu na migomba, Senge Loice alikuwa ameweka kigoda, beseni la maji, kipande cha sabuni na kanga. Mama alikuwa ndani; wajane wenzake walikuwa wamemaliza naye tayari. Jamaa walikaa kwenye viti vya plastiki, wengine wamejifunika mashuka. Nami nilikuwa nimelegeza kilemba na maneno yangu yalikuwa mdomoni.

Siku hizi kila mtu hunyolewa kwa wembe wake, kwa sababu ya magonjwa. Bramwel ndiye aliyetumwa dukani. Alimkabidhi Senge nyembe tatu kwenye karatasi.

"Tatu ni za nini?" Senge akauliza. "Mko wawili."

Bramwel alirudi kwenye kiti chake. Ni mwoga kwa Senge, kama sisi sote.

"Wa kwanza aje," Senge akasema.

Nikainuka. Nilikuwa nimepiga hatua tayari aliponyoosha mkono na kumwonyesha Bramwel kigoda. "Wewe," akamwambia. Na kwangu, bila ukali, hata kwa upole: "Wewe kaa tu, mama. Hii haikuhusu."

Nilikaa. Nywele zangu zilikuwa zimeokoka, zote, za juu na za chini. Nilichokuwa nikikitamani wiki nzima nilikuwa nimepewa bila kukiomba. Na nilihisi kama mtu aliyetolewa nje ya nyumba yake mbele ya watu. Nilikaza kilemba upya. Mashangazi wa upande wa baba walinitazama kisha wakatazama migomba.

Senge akalowesha kichwa cha Bramwel, akapaka sabuni, akaanza upande wa kulia. Ana mkono mwepesi. Wembe ulikuwa ukisikika. Alipomaliza upande mmoja na kutaka kumgeuza, Bramwel akamshika mkono.

"Senge, tumeanza vibaya."

"Tumeanza vibaya namna gani?"

"Mimi si wa kwanza."

Akasimama. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa mweupe na mtupu, mwingine ulikuwa na nywele na povu, na sabuni ilikuwa ikimtiririkia shingoni. Mtu nyuma yangu alicheka akajizuia.

"Kaa chini, Bramwel," Senge akasema. "Huyu nina sababu. Baba yake ako hai huko Lugari. Mtu hanyolewangi kama baba yake anakula. Nikimnyoa ni kama nimemzika yule mzee. Sitaki kuitiwa kifo ya watu wa wenyewe."

Hapo ndipo nilipomwelewa Senge kwa mara ya kwanza. Hakuwa amenifukuza. Alikuwa akimlinda mzee wa Lugari asiyemjua, na labda akinilinda mimi. Lakini nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti cha plastiki na wengine.

Bramwel akajifuta povu jichoni. "Huyo wa Lugari siku yake ikifika, Namalwa atamnyolea nyingine. Si nywele zinaotanga? Huyu tumezika ndiye alimlea. Alimwita wa kwanza siku zote. Hata hospitali alikuwa ananiuliza, wa kwanza wangu amekuja? Mimi nikiwa nimekaa hapo."

Hilo sikuwa nalijua. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Na mimi siketi tena mpaka aketi," Bramwel akasema.

Senge alimtazama pale aliposimama, amenyolewa nusu kichwa. Akatazama mawingu. Kwa kweli hakukuwa na namna: mwana wa marehemu hawezi kuachwa amenyolewa upande mmoja, na Bramwel kwa mara ya kwanza maishani hakuwa anacheka. Shantel alianza kulia. Mzee mmoja, binamu ya baba, akasema tu, "Loice, mtoto ni wa Phanuel. Maliza kazi mvua isitupate."

Senge akachukua wembe wa tatu kwenye karatasi, akalifungua ganda lake.

"Njoo," akaniambia. "Wa kwanza."

Nilikaa kwenye kigoda. Akafungua kilemba changu, nywele zikaanguka, na nikamsikia akivuta pumzi.

"Urefu huu wote?" akasema karibu na sikio langu, kwa sauti ya chini, watu wasisikie. "Mimi huwa nanyoa yote, lakini watu wa kanisa wanasemanga kidogo inatosha. Nikukatie tu hapa? Ama hapa juu? Sema."

Maneno yangu yalikuwepo. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Nyoa kama unavyowanyoa wenzangu, Senge."

Akanyoa. Kwanza alikata kwa mkasi, za chini, zile ndefu, na nikasikia uzito ukiniondoka shingoni. Nililia kwa sauti, na sikujizuia. Niliulilia mkono wa baba wenye unga, nikalilia nywele pia, nimezikuza miaka mingi. Senge hakuniambia ninyamaze. Alinishika paji la uso kwa kiganja chake ili kichwa kisitikisike, na hakukiondoa hadi mwisho.

Nilipoinuka, Bramwel alikaa mahali pangu akamaliziwa. Kisha Shantel. Shantel alizoa nywele zetu zote pamoja kwenye kanga, Senge akazifukia migombani. Mvua ilitukuta tukiingia ndani.

Jumatano, 28 Mei

Kichwa kinahisi baridi. Nimemtumia Muhonja picha. Amejibu: "Leya zimeisha. Urefu mmoja kabisa." Kisha akapiga simu tukalia wote wawili, na akaniambia nikirudi atanionyesha namna ya kutunza ngozi ya kichwa.

Ijumaa, 30 Mei

Nilitembea na Bramwel hadi sokoni Khwisero kununua vitu vya mama kabla sijarudi kazini. Alibeba mizigo yote bila kutazama kama kuna mwingine wa kuibeba. Kwa mwanamke anayeuza ndizi nilisimama peke yangu, yeye akiwa ameenda kutafuta sukari. Mwanamke yule sikumjua. Alitazama kichwa changu kitupu, akaacha kupanga ndizi.

"Mulembe. Pole, mwanangu. Umepoteza nani?"

"Baba."

"Baba yako ni nani?"

"Were. Wa mashine."

Akashika kifua. "Uuwi, huyo mzee! Amenisagia miaka yote. Nimesikia wamemzika juzi." Akanitazama tena, vizuri, kama anayetafuta sura ya mtu ndani ya uso wangu. "Na wewe ni wa ngapi kwake?"

"Wa kwanza," nikasema.

Hakuuliza jina. Akanifungia ndizi, akaniongezea, nikamshukuru.